Kugombea uongozi: Nani atamsemea asiye na kura?

TUMEZOEA kusikia kuwa mcha Mungu hagombei cheo. Nafasi ikitangazwa hukaa pembeni akisubiri afuatwe nyumbani na kuombwa. Anayejitokeza mwenyewe huambiwa ana uchu wa madaraka. Je, ni kweli kwamba kila anayeomba kura amekwisha kosea?

Ndugu msomaji, tuchukue mfano ulio mbali na misikiti yetu na vyama vyetu, ili tuipime hoja bila ya kutazamana usoni. Huko Marekani upo mchezo wa mbio za farasi za masafa marefu. Si zile za uwanjani zinazokwisha kwa dakika mbili. Hizi huanzia maili 50, yaani kilomita 80, hadi maili 100, katika milima na mabonde. Mashuhuri kabisa ni Tevis Cup ya jimbo la California, iliyoanza mwaka 1955, ambapo farasi na mpandaji wake hupewa saa 24 kumaliza maili 100. Mwaka 1972 kikaundwa chama cha kusimamia mchezo huo, American Endurance Ride Conference. Wajumbe wa bodi yake hujitolea, na hupatikana kwa kura za wanachama: baadhi huchaguliwa na kanda zao, wengine na wanachama wote. Anayetaka nafasi hujitokeza na kujieleza kwa wapiga kura.

Bodi hiyo ndiyo yenye dhamana ya kanuni, na kanuni zilizo muhimu zaidi zinamhusu farasi. Njiani kuna vituo ambapo madaktari wa mifugo humkagua. Je, mapigo ya moyo yameshuka? Ufizi umekauka? Anachechemea? Tandiko limemchubua? Asiyeridhisha huondolewa hapo hapo, hata kama alikuwa anaongoza. Chama hicho kina msemo kuwa kumaliza ndiko kushinda.

Sasa tutafakari. Wanaopiga kura ni watu: wapandaji, wenye farasi na waandaaji wa mbio. Anayebeba uzito wa uamuzi wao ni farasi, naye hana kadi ya uanachama wala kura. Mgombea akiahidi kulegeza ukaguzi, wapo watakaomshangilia. Akisema mapumziko yaongezwe na ukaguzi uwe mkali, anaweza kumuudhi mwanachama aliyesafirisha farasi wake kwa gharama kubwa, kisha akaondolewa zikiwa zimebaki maili kumi.

Wanaopinga kugombea wana hoja nzito. Mtume (S.A.W) alimuusia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwani mwenye kuuomba huachiwa peke yake na mzigo wake, na mwenye kupewa bila ya kuomba husaidiwa. Abu Dharr naye alionywa kuwa uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama utakuwa majuto isipokuwa kwa aliyeutekeleza kwa haki yake.

Lakini Qur'an hiyo hiyo tunayoisoma inatusimulia Nabii Yusuf (A.S), aliyemwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, akitaja kuwa yeye ni mlinzi na mjuzi. Aliomba mwenyewe na sifa zake akazitaja mwenyewe. Miaka ya njaa ilikuwa inakuja na alijua la kufanya. Angenyamaza kwa kuona haya, wangeangamia watu wasio na sauti mbele ya mfalme.

Kwa hiyo tumuulize mgombea: unamwombea nani nafasi hii? Katika hadithi inayofahamika, Mtume (S.A.W) aliwagawa wenye farasi mafungu matatu. Kwa mmoja farasi ni thawabu, kwa wa pili ni stara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi, kwa sababu amemfuga kwa fahari na kujionesha. Farasi ni yule yule, ila nia za wenye farasi zimetofautiana. Kiti cha bodi hakina tofauti na farasi huyo.

Nia imo moyoni, lakini ina alama zake. Mgombea anayemsemea asiye na kura husema kabla ya uchaguzi yale yanayoweza kumnyima ushindi. Anayejitafutia mwenyewe huyaficha mpaka akalie kiti, na akishakaa husahau. Wa kwanza hata akishindwa ameshatoa ushahidi wake. Wa pili hata akishinda amebeba deni.

Wala tusidhani jambo hili ni la Wamarekani tu. Mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilisimamisha uanachama wa shirikisho la Falme za Kiarabu kwa miezi kadhaa, kutokana na masuala ya ustawi wa farasi katika mbio hizi hizi. Ubingwa wa dunia wa mwaka 2016 ukahamishwa kutoka Dubai kwenda Samorin, Slovakia. Inauma, maana sisi ndio umma uliofundishwa kisa cha ngamia aliyetokwa na machozi katika bustani ya Madina, na Mtume (S.A.W) akamkanya mwenye ngamia kwa kumshindisha njaa na kumchosha kwa kazi. Ngamia yule alipata wa kumsemea. Wa leo watampata wapi, ikiwa wenye huruma wote wamekaa pembeni kwa jina la uchamungu?

Kila chama kina farasi wake. Katika bodi ya shule ni mtoto aliyeketi chini darasani. Katika kamati ya msikiti ni yatima na mjane asiyehudhuria mkutano. Hao hawapigi kura, na uamuzi huwaangukia wao. Mwenye elimu na uaminifu akijua hakuna mwingine wa kuwasemea, ukimya wake si unyenyekevu tena. Na ajitokeze, aseme wazi atakalolisimamia, kisha awaachie watu wachague.

Wallahu a'alam.