Ramadhani 19: Maji ya Kusukutua na Fungu la Nyanya



Ndugu zangu katika imani, kina baba, kina mama na vijana wetu, poleni na swaumu. Joto la Dar es Salaam mnalijua wenyewe, ikifika saa nane mchana koo limekauka kabisa.

Hebu leo tuangalie kitu unachokifanya kila siku bila kukiwazia. Adhuhuri imeingia, uko bombani unatia udhu. Unachota maji, unasukutua. Maji ya baridi yako mdomoni na koo linayataka. Jirani yako anaosha miguu, wala hakuangalii. Ukimeza funda moja hakuna binadamu atakayejua, si mkeo, si mumeo, si imamu wako. Lakini unayatema. Tena wengine wanatema mpaka mate, eti lisije likabaki tone (hapo jamani msijitese, maji ukishayatema yamekwisha).

Nani aliyekuzuia kumeza? Jibril a.s. alipomuuliza Mtume s.a.w. kuhusu ihsani, jibu lilikuwa na maana hii: mja amuabudu Mola wake kama mtu anayemuona, na ajue kuwa ikiwa yeye hamuoni, yeye anaonwa. Tunadhani hicho ni cheo cha mawalii tu. Kumbe muuza mihogo na dereva wa bajaji wanacho, kila siku, pale bombani.

Sasa swali langu: ikifika saa kumi jioni, mtu huyu anakwenda wapi?

Maana saa kumi tunakutana naye sokoni. Nyanya nzuri zimekaa mbele ya fungu, zilizopasuka zimegeuziwa nyuma. Muhogo wa juzi umechanganywa na wa leo. Kopo la kunde limebonyezwa kitako kwa ndani. Mteja anauliza, "Muhogo huu hauna uchungu?" Anajibiwa, "Mama, huu unaiva ukiuangalia tu, Wallahi!" Yule aliyeogopa funda la maji anaapa kwa jina la Yule aliyemuogopa, na mchana huo huo wa Ramadhani.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume s.a.w. alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye mali kuna nini. Akasema ni mvua, imenyeshea. Zingatia hapa, yule bwana hakuwa amemwaga maji makusudi ili uzito uongezeke. Mvua ni ya Mungu. Kosa lake lilikuwa moja, ile iliyolowa ilikuwa chini, na kavu iko juu. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha Mtume s.a.w. akajitenga na mwenye kudanganya. Hayo ni maneno mazito, si ya kuyapita haraka.

Kijana mmoja mfanyabiashara aliniuliza baada ya darsa: "Sheikh, nikitenga zilizopasuka napata hasara. Wenzangu wote wanachanganya. Watoto wangu wale nini?" Nalichukulia swali lake kwa uzito, kwa sababu anayeuliza hivyo bado moyo wake uko hai, na kodi ya chumba si hadithi.

Jibu langu kwake lilikuwa la sokoni kwanza. Kuuza nyanya iliyopasuka si haramu. Kuificha ndiyo haramu. Weka fungu mbili. Zile masalo zina wanunuzi wake, mama lishe anazitaka kwa mchuzi wa leo leo, ili mradi bei iwe ya masalo. Mwambie mteja, "Hizi ni za kupika leo." Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao inabarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka inafutwa. Na baraka watu wa biashara mnaijua. Kuna fedha inaingia asubuhi, jioni huoni imekwenda wapi.

La pili ni la fiqhi. Ukimuuzia mtu kitu chenye aibu uliyokuwa unaijua ukaificha, ana haki ya kukurudishia na umrudishie fedha yake. Ule muhuri wa kwenye risiti, kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, haukusafishi mbele ya Mwenyezi Mungu. Na waliokwisha kudhulumiwa? Unaowajua warudishie au waombe wakuhalalishie. Usiowapata, watolee sadaka kwa kadiri unavyokisia, na uache tabia hiyo.

Msicheke ninyi wa ofisini. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya wanaotaka watimiziwe wanapopokea, lakini wanapunguza wanapowapimia wengine. Mshahara tarehe ile ile unautaka kamili, hata elfu moja ikikatwa unapiga simu. Lakini saa tano umeinamia meza, unasema swaumu imekaza. Mtu ametoka mbali na nauli ya kuazima kufuata saini yako, anaambiwa njoo kesho. Huko ni kupunja vilevile, tofauti ni kwamba hakuna mizani.

Na simu zetu hizi! "Uko wapi?" "Nimeshafika Magomeni." Abiria wenzako wanatazama dirishani, wanaona Gongo la Mboto. Tunaliona dogo. Bukhari amepokea hadithi yenye maana kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyafanyia kazi, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Kwa hiyo sema tu, "Bado niko mbali, nisamehe." Utagombezwa dakika mbili.

Nikirudi kwa yule kijana, nilichokiona kwake ni hofu zaidi ya tamaa. Anaogopa kwamba nyanya tatu zilizopasuka ndizo zimeshika chakula cha wanawe. Hapo ndipo kukinai kunapohitajika. Kukinai hakuna maana ya kukaa kitako na kungoja. Amka alfajiri, fuata mzigo, pigania bei, panua genge lako. Lakini ufanye hivyo ukijua fungu lako limeshaandikwa, na kwamba unachochagua wewe ni njia ya kulifikia, ya halali au ya haramu. Mtume s.a.w. amesema kwa maana kwamba utajiri si wingi wa vitu, utajiri ni wa nafsi. Jana usiku kijana aliswali tarawehe safu ya pili. Sikumuuliza habari za fungu lake, hilo ni kati yake na Mola wake.

Leo ukienda kusukutua kwa ajili ya Alasiri, yashike yale maji mdomoni kidogo kabla hujayatema, ukumbuke unakokwenda baada ya swala.

Kesho In shaa Allah tutaanza masuala ya Zakatul-Fitri, pishi na vipimo vyake. Mwenye mas'ala ya biashara anikute msikitini baada ya Alasiri, kina mama waandike maswali yao wayapeleke kwa ustadhati.

Wabillahi tawfiq.