Msomi Anaposema Anaamini Nini

Fungua tasnifu yoyote kuhusu dini iliyoandikwa kwa Kiswahili katika vyuo vyetu, nenda kwenye sura ya mbinu za utafiti, na utakutana na mtu anayeitwa "mtafiti". Mtafiti alikwenda uwandani, mtafiti aliwahoji watoa taarifa, mtafiti alibaini kwamba waumini wa mahali fulani wana mtazamo fulani. Ni nadra kuelezwa kama mtafiti huyo ni mzee wa kanisa, ni mtoto wa shehe, au aliacha kusali tangu kidato cha nne. Utaratibu wa chuo unamtaka aingie katika dini za watu kana kwamba yeye hana kwao. Ukitaka kujua anaamini nini, umsubiri jioni kwenye ibada ya ushirika wa wanachuo au kwenye darsa baada ya sala ya isha. Huko atasema yote, na hakuna atakayemhoji. Mgawanyo huu una kasoro pande zote mbili. Maelezo ya msomi kuhusu imani yake, au kuhusu namna ilivyomtoka, ni ushahidi, na chuo kingepaswa kuyapokea kama kinavyopokea ushahidi mwingine, yaani kwa kuyapima.

Tuanze na kilicho dhaifu. Mwanafunzi anasimama mbele ya wenzake, anasema Bwana asifiwe, anaeleza kwamba alikuwa na sapu mbili (mitihani ya kurudia) na alikuwa karibu kudisko, yaani kuondolewa chuoni, akafunga na kuomba, matokeo yalipotoka akakuta amepita. Makofi. Hakuna sababu ya kumshuku kwamba anadanganya. Tatizo liko kwa yule asiyepewa kipaza sauti: aliyefunga na kuomba vilevile, kisha akadisko, jioni hiyo yumo ndani ya basi anarudi kwao. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, alisimulia jambo hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Diagoras, Mgiriki aliyejulikana kwa kukana miungu, alioneshwa picha za mabaharia walioweka nadhiri wakaokoka na dhoruba. Akajibu kwamba waliozama baharini hawana pahala walipochorwa. Ushuhuda wa kufanikiwa huwa umeshachujwa kabla haujatufikia, kwa hiyo hautuambii lolote kuhusu jinsi ulimwengu unavyoendeshwa, ingawa unatuambia mengi kuhusu hofu ya mitihani. Wasomi wengi hufika hapa, wakafunga jalada, wakaweka kila neno la mtu kuhusu imani yake katika kapu hilohilo. Hapo ndipo wanapofanya haraka.

Mtazame mwalimu mmoja wa karne ya 11 ambaye kitabu chake, Ihya, bado kinasomeshwa katika darsa za pwani yetu. Abu Hamid al-Ghazali aliteuliwa mwaka 1091 kufundisha Nizamiyya ya Baghdadi, chuo chenye hadhi kubwa mno wakati ule, na mwenyewe anasema wanafunzi wake walifikia 300. Katika al-Munqidh min al-Dalal, kitabu kidogo alichokiandika akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 50, anaeleza jinsi alivyozichunguza njia nne za kuitafuta kweli: ya wanateolojia (watu wa ilmu ya kalam), ya wanafalsafa, ya Mabatini waliomtegemea imamu asiyekosea, na ya masufi. Hadi hapo ni kazi ya kawaida ya mwanazuoni. Kisha anajigeukia. Anasema aliitazama nia yake ya kufundisha akaona imejengwa juu ya kutafuta cheo na sifa. Kwa karibu miezi sita, kuanzia Rajabu ya mwaka 488 Hijria (1095), akawa anavutwa huku na huku, hadi ulimi ukafunga. Alijikaza afundishe walau siku moja kuwaridhisha waliokuwa wakimjia, na neno halikutoka. Chakula kikawa hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa umeingia moyoni. Akatangaza kwamba anakwenda Makka, huku moyoni amepanga kwenda Sham (Syria), akagawa mali yake akibakiza ya kumtosha yeye na watoto, akaondoka.

Maelezo haya yanathibitisha nini? Hayathibitishi kwamba masufi wana haki kuliko wanafalsafa, na msomaji asiyeamini hana sababu ya kusalimu amri mbele yake. Lakini kuna swali jingine ambalo falsafa ya dini imelihangaikia muda mrefu: kuamini ni kitu gani hasa? Je, ni kukubali kwamba sentensi fulani ni za kweli, basi? Ghazali alizikubali sentensi zote zilizotakiwa. Alikuwa bingwa wa kuzitetea, na alikuwa amewaandikia wanafalsafa kitabu kizima cha kuwapinga. Bado anashuhudia kwamba hoja alizokuwa akizishinda darasani hazikumwinua kutoka pale alipoketi. Hapo pana taarifa kuhusu imani ambayo huwezi kuipata kwa kuchambua hoja zenyewe, hata uzichambue maisha yako yote. Ipo kwa mtu aliyepitia tu, na asipoisema haipatikani.

Na inapimika, kinyume na wanavyodai wanaosema ya moyoni hayana mizani. Wapo wachambuzi wa karne ya 20 waliotilia shaka simulizi hii, wakisema kilichomtoa Baghdadi ni hofu ya Mabatini, maana waziri Nizam al-Mulk, mlezi wake, aliuawa mwaka 1092 na mauaji yakahusishwa nao. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Cha maana ni kwamba mjadala unawezekana kwa sababu Ghazali ametaja mwezi, mahali, wadhifa alioupoteza, na hata ule udanganyifu wake kuhusu safari. Wanazuoni wa Hadithi walikuwa wameshatengeneza vyombo vya kazi hii karne kadhaa kabla yake. Walimwuliza msimulizi kama ni mwadilifu, kama anahifadhi vizuri, kama alikutana kweli na yule anayesema kamsikia. Wengi wao waliongeza sharti kali zaidi: mlinganiaji wa uzushi haipokewi riwaya yake inayounga mkono uzushi wake, hata akiwa mkweli katika mengine. Kwa lugha ya leo, angalia kama anayeshuhudia anafaidika na ushuhuda wake. Ghazali anapokiri kwamba alifundisha kwa ajili ya sifa, anajishuhudia dhidi ya nafsi yake, na hilo linampa uzito ambao mwenye sapu mbili hana. (Anaposema kwamba hapo awali shaka yake iliondolewa na nuru aliyotiwa kifuani na Mungu, hapo mizani yangu inagoma, na sioni aibu kusema hivyo.)

Kinachotokea msomi anapojificha tunakiona kwa William James. Mwaka 1901 na 1902 mwanasaikolojia huyu wa Harvard alitoa mihadhara ya Gifford mjini Edinburgh, iliyochapwa mwaka 1902 kwa jina The Varieties of Religious Experience. Aliijaza maneno ya watu kuhusu yale yaliyowapata. Moja kati ya maelezo ya kutisha kabisa ni la Mfaransa asiyetajwa jina: jioni moja hofu ilimvamia ghafla, pamoja na sura ya kijana mwenye kifafa aliyewahi kumwona hospitali ya vichaa, ngozi imeingia ukijani, ameketi magoti yamefika kidevuni, hasogei. Akaona kwamba yeye mwenyewe angeweza kuwa vile, na anasema asingeng'ang'ania maneno ya Maandiko angerukwa na akili. Baadaye James alimkiria aliyekuwa akikitafsiri kitabu chake kwa Kifaransa kwamba Mfaransa huyo ni yeye. Naelewa kwa nini alificha. Profesa mbele ya hadhira ya Edinburgh alikuwa na mengi ya kupoteza. Lakini hadhira ile iliibiwa kitu. Ilidhani inamsikiliza daktari akisoma majalada ya wagonjwa, kumbe mmoja wa wagonjwa ndiye aliyechagua majalada. Hilo halibatilishi kitabu. Linabadilisha namna ya kukisoma, na msomaji alistahili kujua.

Afrika Mashariki tulipata mfano wetu. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kitui, alifundisha Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974. African Religions and Philosophy ilitoka mwaka 1969, na Concepts of God in Africa mwaka 1970 ikakusanya mafundisho juu ya Mungu kutoka jamii karibu 300. Mungu anayejitokeza humo anajua yote, yuko kila mahali, anaweza yote. Okot p'Bitek, mshairi na msomi Mwacholi wa Uganda, akamjia juu katika African Religions in Western Scholarship: huyo si Mungu wa Waacholi, alisema, ni miungu ya Afrika iliyovishwa kanzu za Kiyunani. Okot mwenyewe anakianza kitabu chake kwa kueleza yaliyompata Oxford, ambako katika mhadhara wa kwanza wa anthropolojia mwalimu aliendelea kuwaita Waafrika washenzi, naye akapinga bila kusikilizwa. Kwa maelezo hayo mafupi tunajua hasira yake imetoka wapi na tunaweza kuipunguzia au kuiongezea uzito. Kwa Mbiti, ukasisi haukuwa siri, lakini orodha zile za sifa za Mungu zinazungumza kwa sauti ya mkusanyaji wa taarifa. Laiti ukasisi ungeingia ndani ya hoja, ukatamka kwamba huyu ni Mkristo anayewatafuta mababu zake ndani ya imani yake, nusu ya ugomvi ingegeuka mazungumzo.

Atatokea wa kusema kwamba hoja husimama kwa miguu yake, aseme padri au mlevi. Katika jiometri, ndiyo. Katika dini mtafiti ndiye anayeamua swali lipi linaulizwa, mzee gani anahojiwa, na neno lipi la Kiacholi linaitwa "Mungu". Huwezi kuipima kazi yake bila kujua alikuwa amesimama wapi alipochagua.

Pingamizi zito ni la mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, aliyewaambia wanafunzi wa Munich mwaka 1917 kwamba mimbari ya mhadhiri si mahali pa nabii, maana darasani mwalimu ndiye msemaji na mwanafunzi hana budi kunyamaza. Kwetu ukimya huo ni mzito zaidi. Ukumbi mmoja una Waislamu, Walutheri, Wapentekoste na wasio na dini, na wote wanasubiri alama kutoka kwa mtu mmoja. Mhadhiri akianza kusimulia alivyookoka, nani atainua mkono kumwuliza kama haikuwa homa? Hapa nampa Weber haki yake yote: ushuhuda usitolewe darasani. Lakini sababu yake haigusi maandishi. Kitabu hakimnyamazishi mtu. Kinaweza kujibiwa na mwanafunzi baada ya kuhitimu, na mwenzake wa idara ya pili, na mtu wa dini nyingine aliye nchi nyingine, kama Okot alivyomjibu Mbiti. Ajabu ni kwamba sisi tumefanya kinyume. Tunaruhusu ushuhuda usemwe kwa mdomo mahali ambapo haujibiwi, na tunauzuia usiandikwe mahali ambapo ungejibiwa.

Kwa hiyo wasimamizi wa tasnifu na watahini wa nje wadai kurasa mbili tu kutoka kwa kila anayeandika juu ya dini: amelelewa katika imani ipi, yuko wapi sasa, nini kilimsogeza au kumbakiza, na ni jibu gani lingemuuma endapo utafiti ungelileta. Aziandike kwa nafsi ya kwanza. Kisha siku ya kutetea aulizwe juu yake kwa ukali uleule anaoulizwa kuhusu sampuli.