Jina la Faili ni la Nani?

Siku ile bibi harusi alizikwa kabla ya kuolewa. Tulikuwa chini ya mwembe, Lobule, wilaya ya Koboko, tukisikiliza mchezo wa redio kwenye karedio ka memori kadi. Sehemu ya kwanza ikaisha kwa posa, iliyofuata ikatuingiza matangani. Watu wakanitazama mimi, maana ndiye huwa napakua podikasti nikienda Arua mjini, kisha nazileta kwenye kadi.

Kosa lilikuwa langu. Mafaili niliyaita 1, 2, 3 mpaka 12. Karedio kale hakajui kuhesabu, kanapanga kwa kutazama tarakimu moja moja kuanzia ya kwanza. Baada ya 1 kakaleta 10, 11, 12, ndipo 2. Ningeandika 01, 02, harusi ingekuwa harusi.

Tangu hapo nikawa mkali. Kipindi cha habari kama Dira ya Dunia ya BBC kinaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2023-03-07. Ukianza na siku, kama tunavyoandika kwenye barua, tarehe saba za miezi yote zitakaa pamoja, Machi na Novemba chungu kimoja. Michezo ya mafunzo kama Noa Bongo ya DW, ambayo sehemu zake zinafuatana, nikaipa namba. Alama ya kuuliza hapana, nukta mbili hapana, kadi inazikataa. Majina marefu ya watangazaji nikayakata. Folda ikapendeza, nikajiona karani kabisa.

Halafu akaja mama mmoja, mtu wa kunizaa. "Mwanangu, uniwekee ile ya mama wa mbuzi."

"Ya tarehe gani, mama?"

"Tarehe mimi nitaijulia wapi? Ya mama wa mbuzi!"

Ilikuwemo kwenye kadi, safi, imenyooka, na hakuna mtu Lobule nzima aliyeweza kuiita isipokuwa mimi. Tulifungua moja moja mpaka betri ikaanza kulia.

Usiku nikakumbuka meza ya usajili. Nilipovuka kutoka Kongo, mtu mmoja aliandika jina langu kinyumenyume, la baba mbele, na herufi moja ikaanguka. Kwake lilikuwa jina zuri, maana liliingia kwenye kisanduku. Mimi nikakaa mwaka mzima kwenye foleni nikiitikia jina la mtu nisiyemjua. Simlaumu sana. Jua lilikuwa kali, watu wengi, na bila mpangilio mtoto anapotea kwenye orodha kama alivyopotea bibi harusi wetu. Lakini mpangilio wake ulimfaa nani? Na wangu?

Kuna lingine linanikera zaidi. Kijana mmoja aliniambia, "Kaka, kipindi yako ya juzi ilikuwa kali sana." Haikuwa yangu. Kuna mtu mahali fulani alitafuta habari, akahoji watu, akakata sauti usiku. Mimi nilipakua tu. Jina lake nililifuta kwa sababu lilikuwa refu. Na kijana aliponisifu, Mungu anisamehe, nilisema asante.

Kwa hiyo sasa naandika hivi: tarehe au namba, aliyetengeneza, kisha neno ambalo wasikilizaji wenyewe wanaliita. Nawauliza kikisha, kabla hatujatawanyika. Inachukua muda, na wakati mwingine inazaa ugomvi, kama kwa huyo huyo mama wa mbuzi. Vijana wa kikundi cha akiba wakasema hapana, hicho ni kipindi cha mkopo, mbuzi alikuwa dhamana tu. Wana hoja, mkopo ndio ulikuwa mada. Ila mama yule hakusikia mada, alisikia mwenzake akinyang'anywa mbuzi.

Nikayaweka yote mawili, mbuzi kwanza. Kioo cha karedio ni kidogo, kinaonyesha herufi chache halafu kinakata. Mama anaiona yake vizuri, tena anawaonyesha na wajukuu. Mkopo hauonekani kabisa. Mweka hazina wa kikundi amenunua kadi yake, na amesema akienda Arua atapakua mwenyewe.