Cheo ni Dhamana Hata Wakati wa Maradhi

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii huambiwa mgonjwa. Je, haimhusu pia kiongozi?

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Mwezi Mei hesabu ya taifa ilikoma kutangazwa, ikiwa imefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Kimya hicho kilidumu zaidi ya mwaka mmoja.

Yapo ya kutetewa. Mchuuzi wa kituo cha mabasi cha Korogwe, kwenye njia ya Arusha, hula leo alichopata leo. Mkulima wa Handeni, aliyezoea ukame, hana akiba ya kumwezesha kujifungia ndani. Kwa hiyo, kutofunga masoko ulikuwa uamuzi ambao watu wenye nia njema waweza kuujadili. Lakini kuacha soko wazi ni jambo moja, na kuficha hesabu ni jambo jingine. Mchuuzi yule aliyeachiwa biashara yake ndiye aliyestahili zaidi kuijua hatari, kwani ndiye aliyelipokea kila basi.

Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikatolewa tena, na tarehe 28 Julai akachanjwa hadharani. Hayo hayakuwa hisani kwa wananchi, bali haki yao. Cheo ni dhamana, na mwenye dhamana hutoa hesabu kabla hajadaiwa.

Mwalimu na awaulize wanafunzi wake: kiongozi anayewaficha watu wake hatari, anawalinda wao au anakilinda cheo chake?