Mlinzi na Mahali Pake



Katika kurasa za kwanza za Biblia Takatifu twakuta jambo la kutafakari. Mwenyezi Mungu, ajuaye yote, alipomtafuta Adamu baada ya dhambi, hakuanza kwa kumwuliza ametenda nini. Alimwuliza mahali alipo. Na Kaini alipokwisha kumwua mdogo wake, swali aliloulizwa lilikuwa la namna ile ile, yaani nduguye yuko wapi. Kaini alijitetea kwamba ulinzi wa nduguye haumhusu. Tangu siku ile swali hilo halijafutwa, na kila kizazi chapaswa kulijibu.

Juma hili twapenda kulitazama swali hilo kwa njia ya elimu ya maradhi, na hasa ya saratani, ambayo wengi huiita kansa. Maana wataalamu wa siku hizi nao wamefika kuuliza neno hilo. Hawatosheki kujua ni seli gani zilizomo katika uvimbe; wanataka kujua kila moja inakaa wapi, na jirani yake ni nani. Sisi wa Tarime na Serengeti tuna sababu ya pekee ya kuwasikiliza, kwani swali la mahali pa saratani liliulizwa katika nchi yetu hii zamani, kabla vyombo vya leo havijabuniwa.

Kuhesabu na kujua mahali

Watu wa Serengeti wataelewa upesi. Mwaka 1958 Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani, pamoja na mwanawe Michael, waliruka kwa ndege ndogo juu ya mbuga ili kuwahesabu wanyama. Wangaliweza kuishia katika hesabu. Lakini walifuatilia pia njia za nyumbu, majira kwa majira, wakaona kwamba makundi yale hula na kupita nje ya mipaka mipya iliyokuwa ikipangwa kwa ajili ya hifadhi. Hesabu peke yake isingalionyesha neno hilo; ilihitajika ramani.

Basi, ndivyo ilivyo katika mwili wa mwanadamu. Mwili umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo vya uhai visivyoonekana kwa macho matupu, na seli za namna moja zikikaa pamoja hufanya tishu. Kwa muda mrefu wataalamu waliotaka kujua siri za jeni katika uvimbe walisaga kipande cha nyama yake na kupima mchanganyiko wote pamoja. Alikuwa kama mtu atwangaye mtama, ulezi na muhogo katika kinu kimoja: atajua vilivyomo, lakini shamba lilipandwaje hatajua kamwe. Hadubini, kwa upande wake, ilionyesha mahali pa seli, lakini mambo machache tu ya siri zilizomo ndani yake.

Mwaka 2016 wataalamu wa Stockholm, nchini Sweden, walitangaza njia ya kuunganisha mambo hayo mawili. Hukata kipande cha tishu chembamba mno, wakakilaza juu ya kioo chenye alama nyingi ndogo, na kila alama hushika ujumbe wa jeni wa mahali pake tu. Hivyo hupatikana ramani: hapa saratani, hapa mshipa wa damu, hapa askari wa kinga. Njia za namna hiyo zimeongezeka tangu hapo, na jarida la Nature Methods liliichagua elimu hiyo kuwa njia ya mwaka 2020.

Askari walio mpakani

Faida yake ni nini? Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili walinzi, nao ni chembe nyeupe za damu. Mwaka 2006 Jérôme Galon wa Paris na wenzake walionyesha kwamba, katika saratani ya utumbo mpana, aina ya walinzi hao, wingi wao na mahali waliposimama huweza kutabiri mwisho wa mgonjwa. Mahali lilikuwa neno zito sawa na wingi.

Leo waganga hutofautisha hali tatu. Kuna uvimbe ambao walinzi wameingia ndani na kupambana. Kuna ambao walinzi wapo wengi, lakini wamesimama pembezoni wasiingie. Na kuna ambao walinzi hawapo kabisa. Sisi tujuao habari za wizi wa mifugo hatuhitaji maelezo marefu. Kijiji kinaweza kuwa na sungusungu mia walioandikwa daftarini. Lakini kama usiku ule wote walikuwa barabarani, na mwizi yumo zizini, ng'ombe watakwenda. Asubuhi daftari litaonyesha walinzi mia, na zizi litakuwa tupu.

Tena, yawezekana mlinzi yumo ndani na bado amefungwa mikono. Seli za saratani huweza kumwonyesha askari ishara ya kumwambia aache vita, naye akatii. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua jinsi ya kuziondoa breki hizo za kinga. Dawa zilizotokana na kazi hiyo zimewaponya wagonjwa fulani na wengine hazikuwafaa, na ramani ya tishu ni mojawapo ya njia za kutafuta sababu yake.

Ramani iliyopita kwetu

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto mwenye uvimbe katika taya zote mbili. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, alimwona mwingine wa namna hiyo. Mwaka 1958 akaandika habari za saratani hiyo, ambayo leo yaitwa kwa jina lake. Ndipo akauliza swali letu: inapatikana wapi? Alipeleka picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kilometa zipatazo 16,000, wakipita Tanganyika hadi Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali.

Walichokiona kilikuwa ramani. Ugonjwa ule ulipenda nchi za joto na mvua; karibu na ikweta haukuonekana sana juu ya kimo cha mita 1,500 hivi. Zilikuwa ndizo nchi za mbu na malaria nyingi. Nchi yetu huanzia ukingo wa Ziwa Victoria, mita 1,134 hivi juu ya bahari, ikapanda hadi milima ya Tarime ipitayo mita 1,500. Mipaka aliyoitafuta Burkitt imo basi ndani ya nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza huko London kwamba wameona virusi vipya ndani ya seli zilizotoka katika uvimbe wa watoto wa Uganda. Virusi hivyo, viitwavyo Epstein-Barr, karibu watu wazima wote duniani wanavyo, nao huishi salama. Kwa nini basi huwadhuru watoto wa sehemu fulani? Wataalamu wakaitazama malaria. Yaonekana kwamba malaria ya mara kwa mara huzisukuma seli fulani za kinga ziongezeke kwa haraka mno, na palipo haraka makosa ya jeni hutokea. Tena huwachosha askari wale wanaovizuia virusi. Hapo ndipo mwizi apatapo nafasi.

Watafiti walikuja na huku. Katika wilaya iliyoitwa North Mara, ambayo ni Tarime pamoja na nchi ambayo tangu mwaka 2007 ni Wilaya ya Rorya, Dakta Glen Brubaker wa Hospitali ya Shirati na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa miaka ya 1964 hadi 1970, kuona kama walitokea kwa makundi ya mahali pamoja na wakati mmoja. Hawakupata ushahidi wa hayo. Tena tangu 1977 hadi 1982 watoto waligawiwa vidonge vya klorokwini ili kuipunguza malaria, na saratani ile ikaangaliwa. Ilipungua, kisha ikarudi; lakini kwa kuwa ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge, wataalamu hawakudai ushindi. Huo ni uaminifu wa kusifiwa. Tangu 2010 hadi 2016 uchunguzi mwingine mkubwa ulifanyika Uganda, Kenya na kaskazini ya Tanzania, na nchi yetu ikahusika tena.

Mtu akiitazama saratani ya Burkitt kwa hadubini huona ajabu: seli nyeusi za saratani zimejaa kama anga la usiku, na kati yake seli kubwa nyeupe zang'aa kama nyota. Nyota hizo ni walinzi wanaozoa na kula maiti za seli zilizokufa. Kazi yao ni njema, lakini askari wa kushambulia ni wachache mahali pale. Wazikaji wako wengi; waokoaji ni haba.

Deni letu na deni la dunia

Wapo watakaosema: mashine hizo ni za mataifa tajiri, zamfaa nini mama wa Nyamongo au wa Mugumu? Twajibu kwamba kila ramani ya namna hiyo huanza na kipande kidogo cha nyama ya mgonjwa, kilichochukuliwa kwa wakati na kuhifadhiwa vyema. Virusi vya Epstein-Barr vilipatikana kwa nyama ya watoto wa Afrika Mashariki. Watoto wa vijiji vyetu wameifundisha dunia. Lakini katika nchi tajiri watoto tisa hivi kwa kumi wenye ugonjwa huu hupona, na kwetu wanaopona ni wachache mno kuliko hao. Haki yadai kwamba waliotoa mbegu washiriki mavuno. Yafaa watafiti wasichukue nyama ya mtoto pasipo idhini ya wazazi walioelezwa kwa lugha yao; yafaa pia hospitali zetu zipate wataalamu wa kuisoma nyama hiyo hapa hapa.

Mintarafu ya wazazi, yatupasa kusema wazi. Saratani ya Burkitt ni miongoni mwa zinazokua upesi kuliko zote. Seli zake huongezeka maradufu kwa muda wa siku moja hadi mbili. Kwa hiyo uvimbe wa taya, au wa tumbo, au jino linalolegea pasipo sababu, si jambo la kungoja mavuno yauzwe. Wengine husema mtoto amelogwa, wakaanza kumtafuta adui katika mji wa jirani. Hapo maradhi huongezwa chuki. Wengine huogopa wakidai kwamba uvimbe ukiguswa na chuma huenea, nao huzunguka kwa waganga wa mizizi hata mtoto anadhoofika. Tusiogope. Pasipo kipande cha nyama daktari hawezi kuujua ugonjwa, na pasipo kuujua hawezi kuchagua dawa. Saratani hii, ikiwahiwa, huyeyuka kwa dawa kuliko nyingine nyingi. Na vyandarua tuvitumie kwa bidii, kwa kuwa malaria ni mwuaji yenyewe hata pasipo mshirika.

Tena tusidhani kwamba maradhi haya ni ya maskini tu au ya watoto tu. Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, mwana wa mkoa huu wa Mara, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu.

Nani aliye karibu?

Mtakatifu Paulo, katika sura ya kumi na mbili ya barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, aeleza kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyevipanga viungo vya mwili, kila kimoja mahali pake, na maumivu ya kimoja huwa ya vyote. Elimu mpya ya tishu haikuyapinga maneno hayo. Imeyaonyesha hata katika seli.

Kumbukeni pia mfano wa Msamaria mwema. Tukihesabu, watu watatu walipita njia ile ya Yeriko wakamwona aliyejeruhiwa. Hesabu ilikuwa nzuri, na wawili kati yao walikuwa watumishi wa hekalu. Lakini wawili hao walishika upande wa pili wa njia, na mmoja tu alikaribia. Bwana wetu hakuuliza walikuwa wangapi. Aliuliza ni nani aliyekuwa jirani.

Basi tujipime. Daftari la parokia lina majina mengi. Jumuiya ndogondogo zina wanachama, na Jumapili mabenchi hujaa. Hayo ni hesabu. Mtoto akivimba taya katika jumuiya yako, wewe utakuwa wapi? Kutoka Tarime hadi Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza iliyojengwa kwa juhudi za Maaskofu wetu na kufunguliwa mwaka 1971, ni safari ya zaidi ya kilometa 250. Nauli, chakula na malazi ya mama kwa majuma mengi si mzigo wa kubebwa na mji mmoja. Twajua kuchanga kwa ukarimu siku ya msiba. Siku ile huja wengi, hula na kulala, nao hutoa ng'ombe. Tungechanga nusu ya hayo juma la kwanza la ugonjwa, misiba mingine isingalikuwako. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na kuwatazama wagonjwa ni tendo la huruma vile vile; la pili lina saa yake, ambayo ikipita hairudi.

Kwa hiyo, juma hili, kila jumuiya iulize kama katika nyumba zake yuko mtoto mwenye uvimbe, au mtu mzima afichaye donda lisilopona. Akiwapo, apatikane wa kumsindikiza hospitali kesho yake, na wengine walinde mji wake na kulisha mifugo yake hata arudi. Mwenyezi Mungu atujalie, siku atakapotuuliza mahali alipo ndugu yetu, tuweze kumjibu kwamba yupo hapa, nasi tu kando yake.