Nyama ya Mnyama Aliyetiwa Dawa: Je, Kisu Chatosha?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyewahalalishia waja wake wanyama wa mifugo, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Yajulikana kwa kila Mwislamu kwamba nyama haimfai mpaka ichinjwe kisheria. Katika jambo hili watu wa pwani hawana uzembe; mtu huacha kitoweo cha harusi akiushuku mkono ulioshika kisu. Lakini Mwenyezi Mungu, katika aya ya 168 ya Suratul Baqara, hakuamrisha kula kilicho halali tu. Amelifuatisha neno hilo na neno la pili, tayyib, yaani kilicho chema, kisicho uchafu wala madhara. Neno la kwanza watu wamelishika barabara; la pili hulipita kama mtu apitavyo nyumba asiyokuwa na jamaa ndani yake. Basi suali ni hili: ng'ombe akipigwa sindano ya dawa leo, akachinjwa kesho kwa jina la Mwenyezi Mungu na kwa kisu kikali, je, kisu kimetosha?

Mfano wa mas'ala haya u dhahiri katika nchi ya Kyela. Mtu akitoka Mbeya akapita Tukuyu, njia humteremsha mpaka uwanda wa joto wenye mpunga, migomba na kakao, nao hukoma ukingoni mwa Ziwa Nyasa, penye Matema na bandari ya Itungi. Wenyeji wa huko ni Wanyakyusa, na kwao ng'ombe si kitoweo tu. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye heshima ya mtu msibani, ndiye akiba ya siku ya dhiki. Mvua ni nyingi na majani hayakomi. Na katika majani wamo kupe, na kupe ndio wauchukuao ugonjwa uitwao ndigana kali. Mnyama hupandwa na homa, matezi yakamvimba, pumzi ikambana, na asipotibiwa upesi aghlabu hufa katika muda wa wiki mbili au tatu.

Dawa ya ugonjwa huu ipo, nayo ni neema. Hapana mwenye akili ailaumuye tiba ya mifugo. Wazee wa Afrika Mashariki walihadithiana habari za sotoka, iliyofagia mazizi katika miaka ya 1890 hata makabila mazima yakalala na njaa. Na kwa chanjo sotoka hiyo hiyo ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani pote. Basi tatizo si dawa. Tatizo ni siku zinazofuata baada ya dawa.

Kwani dawa ikiingia mwilini haitoki papo hapo. Huzunguka katika damu, hukaa katika ini na figo, na hubaki kwa wingi mahali ilipopigwa sindano, kisha hupungua siku baada ya siku. Kwa ajili hii watengenezaji huandika katika karatasi yake siku za kungoja kabla ya kuchinja. Buparvakwoni, ambayo ni dawa ya ndigana, kwa kawaida huandikiwa siku 42. Oksitetrasaiklini ile ya kudumu mwilini, itumiwayo kwa maradhi mengi, hufika wiki tatu au nne. Karatasi hizo aghlabu ni za Kiingereza, maandishi yake ni madogo kama chunguchungu, na mfugaji anunuaye chupa dukani akampiga ng'ombe wake sindano mwenyewe mara nyingi hasomi ila kipimo cha dawa, akikisoma.

Sasa na itazamwe hali ya mtu mwenye ng'ombe wawili. Mmoja ameugua. Amekopa, amenunua dawa, amempiga sindano siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu mnyama hainuki. Akifa ni kibudu, na fedha yote imepotea. Akichinjwa kabla roho haijatoka ni halali, na mwenye bucha atamnunua japo kwa bei ya chini. Basi alfajiri huitwa mchinjaji. Huja, huelekea kibla, husoma Bismillahi, hukata koo na mishipa. Damu hutoka, na sharti zote za kuchinja zimetimia. Nyama ile, pamoja na dawa yote ya siku tatu, hupimwa mizani kabla ya jua la saa nne. Dhiki ya mtu huyu ni ya kweli, wala haimpasi mwenye kushiba kumcheka.

Itasemwa: mkaguzi wa nyama yupo, na muhuri wake uko juu ya paja. Jawabu ni kwamba mkaguzi hutazama kwa jicho na kisu. Hupasua matezi, huchana ini akatafuta minyoo, hushika mapafu na moyo. Kazi yake ni kubwa na imeokoa wengi. Lakini dawa haina rangi katika nyama, haina harufu wala ladha, na jicho haliioni. Huonekana kwa kupimwa tu. Katika kupima ipo njia ambayo hata mwanafunzi wa chuoni aweza kuifahamu: huandaliwa kisahani chenye chakula cha vijidudu, vijidudu vikapandwa humo kama mpunga kitaluni, kisha kikawekwa juu yake kipande cha figo. Vikiota kila mahali, figo ni safi. Vikikataa kuota kandokando ya kipande, pakabaki duara tupu, basi ndani ya nyama imo dawa inayoviua. Yapasa kungoja usiku mzima au zaidi. Zipo na mashine za kupima kiasi chenyewe, hata mikrogramu katika kilo. Kamisheni ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la chakula na la afya, imeweka kwa oksitetrasaiklini mpaka wa mikrogramu 200 katika kilo ya mnofu, 600 katika ini, na 1200 katika figo.

Tanzania inazo sheria zake: Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwa Shirika la Viwango. Maabara za mifugo nazo zipo, na ya Nyanda za Juu Kusini iko Iringa. Lakini Iringa si Kyela, na nyama ya alfajiri haingoji majibu ya kesho. Wala haifai kudhani kuwa jambo hili ni la kukisia: nyama ya ng'ombe iliyokusanywa wilayani Kilosa ilipopimwa, zaidi ya nusu ya vipande vilikutwa na oksitetrasaiklini, na vingi vimepita mpaka. Kuchemsha hupunguza baadhi yake, hakuondoi yote.

Na madhara yake ni mawili khasa. La kwanza humpata mtu mmoja mmoja, kama yule ambaye mwili wake haupatani na penisilini, akala kidogo asichokijua, akatokwa na vipele au akabanwa na pumzi. La pili ni la umma. Vijidudu vinavyoonja dawa kidogo kidogo kila siku huizoea, hata siku mtoto akiugua kweli dawa ile ile huingia mwilini mwake isifanye kazi.

Je, fiqhi imenyamaza? Haikunyamaza. Katika vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafii mna mlango wa jallala, naye ni mnyama aliyekula najisi hata nyama yake ikabadilika. Imamu Rafii alisema ni haramu. Imamu Nawawi katika Minhaj akasahihisha kuwa ni makuruhu. Wote wamekubaliana kuwa akilishwa malisho safi mpaka nyama yake ikawa njema, ubaya huondoka. Tena wanavyuoni wametaja siku kwa mujibu wa ada: ngamia 40, ng'ombe 30, mbuzi na kondoo 7, kuku 3. Basi mwenye kusoma karatasi ya dawa akaona siku 42 asidhani kuwa ameletewa bidaa ya Wazungu. Kumfunga mnyama na kungoja mwili wake usafike ni jambo ambalo mafakihi walilijua kabla haijajulikana sindano.

Ila qiyasi hii ina tofauti moja, wala haifai kufichwa. Dawa yenyewe si najisi. Kinachokatazwa ni madhara, kwa kanuni iliyotoka katika hadithi kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana. Na jallala hujulikana kwa harufu, mnunuzi aweza kujilinda kwa pua yake, lakini huyu wa sindano hajulikani ila kwa ulimi wa mwenyewe au kwa kisahani cha maabara. Tofauti hii haipunguzi jukumu, bali inalihamisha. Kilicho dhahiri mnunuzi hukichunga mwenyewe. Kilichofichika humwelemea yule akijuaye.

Akisema msemaji: Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, amepokea kuwa watu walimwuliza Mtume juu ya nyama waletewayo na wasiojulikana kama wametaja jina la Mungu, naye akawaamrisha wao wataje jina, kisha wale, basi uchunguzi huu wote ni wasiwasi. Huambiwa: hadithi ni sahihi, na ni rehema kwa mlaji. Mlaji asiyejua hana dhambi, wala hakulazimishwa kuhoji kila bucha. Lakini ruhusa ile amepewa asiyejua, hakupewa ajuaye. Muuzaji aliyepiga sindano juzi hawezi kujifunika nguo ya mnunuzi. Naye habari yake iko katika hadithi nyingine, ya lundo la chakula sokoni: Mtume alitia mkono ndani, vidole vikakuta majimaji, mwenye chakula akasema ni mvua, akaulizwa kwa nini hakuuweka juu ule uliolowa watu wauone, na akaelezwa kuwa mwenye kughushi si katika umma huu. Mvua ile hakuileta yeye. Dawa ya ng'ombe ameitia mwenyewe kwa mkono wake.

Mchinjaji naye asijitoe. Bara, kwa ada ya miaka mingi, kisu hupewa Mwislamu ili watu wote wale nyama moja. Mwaka 2013 watu wa Tunduma, mji usio mbali na Kyela, walifanya fujo hata polisi wakaingia, kwa sababu ya ugomvi wa nani achinje. Heshima iliyogombewa hivyo haiwezi kuwa nyepesi. Mchinjaji akiitwa alfajiri kwa mnyama aliyelala chini, kuuliza amepewa dawa gani na lini hakuzidi maneno matano. Na akijibiwa kuwa jana, kuweka kisu alani si kiburi. Wakazi wa ufuko huo wanao samaki wa ziwa, mbasa na usipa, ambao hawataki kisu wala hawakupigwa sindano.

Kisha hukumu ya biashara yenyewe. Mwenye kuuza nyama hiyo huku akijua ameuza kitu chenye aibu, na aibu katika bidhaa humpa mnunuzi haki ya kurudisha akapewa fedha yake. Nyama iliyokwisha kuliwa hairudishwi, basi hubaki fidia ya upungufu, deni lisilofutwa kwa kuwa mnunuzi hakujua.

Na mfugaji wa ng'ombe wawili afanyeje? Aandike siku ya sindano, ukutani kwa mkaa ikiwa hana daftari, ahesabu siku zake, na mnyama akipona amngoje zitimie. Akichinjwa kabla yake kwa kuchelea kufa, basi asiuziwe mtu wala asilishwe. Na akifa mwenyewe ni mzoga, nyama yake ifukiwe. Ngozi yake akitaka na aidabighi, kwani katika madhehebu ya Shafii ngozi ya ng'ombe aliyekufa kibudu husafika kwa kudabighiwa, na ikisha kusafika yafaa kuuzwa.