Je, Ujira Huchukua Rangi ya Mahali Ulipochumwa?

Ndugu msomaji, kazi ya kwanza humletea kijana maswali ambayo hajafikia umri wa kuyajibu. Wazazi na walimu humwusia atafute kazi ya halali, nao wasema kweli. Lakini aghalabu kazi haimngoji kijana aichague. Humjia kama mvua ya Singida ijavyo, kidogo na kwa kuchelewa, naye huikinga kwa chombo chochote alicho nacho mkononi. Je, atalaumiwa kwa mahali mvua ilipoangukia?

Nitaeleza habari yangu mwenyewe, si kwa kuwa ina ajabu yoyote, bali kwa kuwa siwezi kuisingizia.

Mwishoni mwa mwaka 2007 nilikuwa nimekwisha fanya mtihani wa kidato cha nne, nikingoja matokeo. Umri wangu ulikuwa miaka 17. Baba yangu alilima alizeti na mtama upande wa Ikungi, na msimu ule shamba halikumpa kitu cha kusemwa. Mdogo wangu wa kike alikuwa akisoma sekondari. Siku hizo ada ilikuwa haijaondolewa katika shule za serikali, jambo lililokuja kufanyika mwaka 2016. Karo ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake michango ambayo haikuwa na mwisho. Mjomba wangu aliyekaa mjini Singida akaniita, akaniambia kwamba amenipatia kazi. Nilifurahi kabla ya kuuliza ni kazi gani.

Ilikuwa kazi ya kutunza meza mbili za mchezo wa pool katika jumba dogo karibu na stendi ya mabasi. Nilifagia asubuhi, nikafuta vumbi la kitambaa cha kijani (na upepo wa Singida hauishiwi vumbi), nikapanga mipira 15 ndani ya pembetatu yake, nikapokea shilingi 200 ya kila mchezo na kuziandika daftarini. Ujira wangu ulikuwa shilingi 1,000 kwa siku na sahani ya ugali usiku.

Baadaye nilisoma kwamba vijana wa nchi nyingine wamepita njia kama hiyo. Huko Marekani kuna mchezo uitwao bolingi, ambao mtu huvingirisha mpira mzito juu ya sakafu ndefu ya mbao ili auangushe mkusanyiko wa vigingi kumi. Kabla mashine haijashika kazi hiyo, hasa katika miaka ya 1950, vigingi vilisimamishwa tena kwa mikono ya wavulana waliojibanza nyuma yake. Mpiga picha Lewis Hine aliwapiga picha watoto hao mnamo miaka ya 1909 na 1910, wakiwa kazini hata baada ya saa sita za usiku, na picha zake zilisaidia kuwaamsha wenye kutunga sheria. Nilipoziona picha hizo niliyatambua macho yale. Ni macho ya mtoto anayekesha ili watu wazima wacheze.

Nchini kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikia umri huo imemruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Kwa miaka yangu 17 sikuwa mtoto wa kukatazwa kazi. Lakini sheria hupima umri na uzito wa mzigo. Haiwezi kupima kila kitu alichotiwa kijana mkononi.

Wako wasemao kwamba mahali pachafu huchafua kila kinachotoka humo, na kwa hiyo ujira wangu ulikuwa mchafu tangu siku ya kwanza. Rai hii ina heshima yake, lakini siikubali. Mtume Mtukufu Muhammad, s.a.w., katika ujana wake alichunga mbuzi na kondoo wa watu wa Makka kwa ujira. Watu hao waliabudu masanamu, na bila shaka mali zao zilichanganyika na mengi. Hata hivyo ujira wa mchungaji ulikuwa halali, kwa sababu alilipwa kwa kuchunga, na kuchunga ni kazi njema. Basi ujira haufuati rangi ya tajiri. Wafuata tendo lililolipiwa. Kufagia sakafu ni kufagia sakafu.

Wengine husema kinyume: mwajiriwa hana swali la kujibu, kwani yeye ametumwa tu. Hii ndiyo rai niliyoishika mimi, na ilinipa usingizi mzuri kwa muda wa wiki tano.

Wachezaji walianza kuweka dau. Kila mmoja alitoa fedha yake, na kwa kuwa hawakuaminiana, walitafuta mtu wa kuzishika mpaka mchezo uishe. Wakanichagua mimi. Nakiri, msomaji, kwamba niliona fahari. Katika jumba lile, watu wazima walionizidi umri mara mbili walisema, "Mpe huyu kijana, huyu ni mwaminifu." Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo shuleni.

Usiku mmoja mchukuzi wa magunia ya vitunguu aliweka shilingi 5,000, na mwenzake akaweka kiasi hicho hicho. Mchukuzi akashindwa. Kabla sijaitoa fedha, mke wake akaingia mlangoni na mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi niliyefumba mkono, akasema, "Mdogo wangu, hiyo ni fedha ya dawa ya mtoto." Mumewe akainamisha kichwa. Aliyeshinda akanyosha mkono. Watu wote wakanitazama.

Nikampa aliyeshinda. Naye akanirudishia shilingi 500, akasema ni ya chai.

Kwa miaka mingi nilijitetea hivi: ile ilikuwa amana, na amana haivunjwi. Hoja hii yaonekana imara, kwani Kurani Tukufu imeamrisha tuwarudishie amana wenyewe. Lakini neno lililo zito hapo ni "wenyewe". Mwenyewe wa fedha ile alikuwa nani? Kamari imeharimishwa, na mapatano juu ya jambo lililoharimishwa hayahamishi milki. Kwa hiyo shilingi 5,000 za mchukuzi zilikuwa bado ni zake, na shilingi 5,000 za mwenzake zilikuwa bado za mwenzake, mpira wo wote uingie shimo lo lote. Mwaminifu wa kweli angefungua mkono na kumpa kila mtu chake. Mimi niliutimiza uaminifu kwa mchezo, nikawahini watu waliokuwa wakiucheza.

Yawezekana msomaji akasema kwamba kijana wa miaka 17 hangeweza kuyajua hayo. Ningependa iwe hivyo, lakini sivyo. Elimu ya mikataba sikuwa nayo, ni kweli. Bali mkono wangu ulikuwa mzito kufunguka, na uzito ule ulikuwa elimu ya kutosha. Nilichokosa ni ujasiri wa kupoteza sifa. Kama ningewarudishia fedha zao, nisingeitwa mwaminifu tena katika jumba lile, na pengine ningefukuzwa usiku ule ule. Hapa ndipo naona hatari ya kazi ya kwanza ilipo, kuliko katika moshi wa sigara na maneno machafu ambayo wazazi huyaogopa. Kijana hupewa sifa njema kwa jambo baya, naye ana njaa ya sifa kuliko ya ugali.

Wala sikuacha kazi kesho yake, ingawa hadithi ingependeza zaidi kama ningeacha. Nilibaki wiki tatu nyingine mpaka karo ikatimia. Nilikataa tu kushika dau, nikisema tajiri amenikataza; na huo nao ulikuwa uwongo.

Nilipomkabidhi baba shilingi 20,000, alizihesabu polepole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unafanya nini hasa?" Nikamweleza habari za kufagia, na mipira, na daftari. Akashukuru. Ile shilingi 500 ilikuwa humo ndani mahali fulani. Fedha haina alama ya ilikotoka, na hata kama ningetaka kuitenga nisingeitambua. Ujira wangu wa kufagia naamini ulikuwa halali. Ile mia tano haikuwa. Mdogo wangu alisoma kwa zote mbili.

Baadaye nilipopata mshahara nilimtafuta mchukuzi yule stendi na sokoni. Nikaambiwa amehamia Itigi. Nilipofika Itigi hakuna aliyemjua. Habari ya mtoto yule sikuipata.

Siku hizi kamari imehamia katika simu na katika vibanda vya kubashiri mpira, na vibanda hivyo huajiri vijana. Mwezi uliopita kijana mmoja wa jirani alinijia akiwa na furaha, akaniambia, "Shikamoo baba, nimepata kazi." Nikaitikia, nikampa mkono. Kisha nikamwuliza ni nani atakayeshika fedha. Akasema, "Mimi, baba. Wameniamini." Nikamwomba aketi.